Trekta la bustani la zamani: silinda moja au mbili?

Mwaka juzi nilinunua trekta la silinda mbili kwa dola 900. Muuzaji aliliwasha mbele yangu, likanguruma vizuri, nikahesabu pesa. Jumamosi iliyofuata nililiingiza kwenye nyasi ndefu, likazima. Nikawasha, likazima tena. Fundi alipokuja aliliacha liwake dakika moja tu, kisha akapima joto la ekzosi pande zote mbili. Kulia kunaunguza. Kushoto kunashikika kwa mkono. Nilikuwa nimelipia silinda mbili, inayofanya kazi ni moja.

Tangu nisimulie mkasa huo, Waswahili wenzangu wa huku Marekani walionunua nyumba zenye ekari moja au mbili wananiuliza wachukue injini ipi. Habari za nguvu za farasi na upana wa visu sitaziandika, hata muuzaji mvivu atakueleza. Ninachotaka ukishike ni hiki: injini ya silinda moja haina pa kuficha ugonjwa. Silinda ikifa, trekta haliwaki, nawe unarudi nyumbani na pesa zako. Kwenye silinda mbili, moja ikifa nyingine inambeba mwenziwe. Itawaka, itazunguka uani bila mzigo, nawe hutajua mpaka siku ya kazi.

Kwa hiyo ukienda kutazama la silinda mbili, fika injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto, uliza kwa nini. Chomoa waya wa plagi moja, uufunge kwenye chuma cha injini, kisha washa. Ikiwaka, silinda iliyobaki ni hai. Zima, fanya hivyo upande wa pili. Upande utakaogoma umejitaja wenyewe. Kazi ya dakika tano, na muuzaji akikukatalia, ondoka.

Namba moja kwangu ni injini ya Kohler K ya silinda moja, na sifichi mapenzi yangu. K301 ya farasi 12 au K321 ya farasi 14, ndani ya trekta la Wheel Horse au Cub Cadet la miaka ya 1970. Bloku ni chuma cha kalibu. Silinda ikilika inachongwa na kuwekwa pistoni ya saizi ya juu, injini inaanza maisha upya. Kompresheni yake usiipime kwa kuizungusha kwa stata, kwa sababu kemshafti, shafti inayofungua valvu, ina kifaa kinachoachia kompresheni wakati wa kuwasha, na geji itakuonyesha namba ndogo hata injini ikiwa nzima. Zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono kinyumenyume, kwa nguvu. Ikikurudisha, ni nzima. Muulize pia muuzaji kama gia za kupunguza mtetemo zilishatolewa. Baadhi ya K zinazo, na zikivunjika ndani zinaweza kupasua bloku. Mafundi wengi huzitoa injini ikifunguliwa.

Ya pili ni injini ya Onan ya silinda mbili, kama ile ya farasi 18 kwenye John Deere 318, trekta lililotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1992. Injini hiyo ni tulivu, ina pampu ya oili na filta, na ikiwa nzima ni raha kuiendesha. Lakini nyasi zikiziba mapezi ya kupoza chini ya bati, inachemka, na kiti cha valvu kinaweza kulegea na kutoka mahali pake. Hapo silinda moja inakufa na nyingine inaendelea kukudanganya. Vipuri vyake ni adimu na ghali.

Ya tatu ni Kohler KT17, nayo ya silinda mbili, lakini Series II (toleo la pili) tu, yenye oili inayosukumwa kwa presha. Toleo la kwanza linajulikana kwa kuvunja konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, hasa kwenye miteremko. Soma kibati cha injini kabla ya kufungua pochi.

Injini ya Briggs ya silinda mbili kwenye matrekta mepesi ni rahisi kwa bei. Kwa kukata nyasi tu, sawa.

Sasa hawa wauzaji. Wanapaka rangi mpya juu ya kutu, wanaliita antiki, na bei inapanda mara mbili. Wengine wanang'oa sinia la visu na bamba la kusukumia theluji, kisha wanauza kila kimoja peke yake kwa bei inayokaribia ya trekta zima. Mtu amelitumia miaka 30 na vifaa vyake vyote, siku ya kuuza anakugawia kama mishikaki. Inaniudhi sana, maana trekta bila bamba huku Minnesota ni chuma cha kufunika turubai kuanzia Novemba.

Hilo la silinda mbili nililiuza kwa dola 300, nikamwambia mnunuzi ukweli wote. Sasa nina Wheel Horse yenye K301, inawaka mara ya kwanza. Bamba lake la theluji mwenye nalo wa awali alibaki nalo, bado nalitafuta.