Vifaa vya kubana maji kipindi cha ukame: kipi ununue kwanza na kwa nini naanza na raba ya tanki la choo

Kila ukame ukianza kukaza watu wananiuliza swali lile lile, ninunue nini maji yapungue kutumika nyumbani, ila safari hii wengi hawaulizi tena, wanalalamika. Wameshanunua. Shawa mpya ya kubana maji, choo kipya cha vitufe viwili (kimoja cha flashi kubwa, kingine cha ndogo), vichujio vya mdomo wa koki, vyote vimefungwa na fundi kalipwa, halafu bili ya maji inakuja vile vile au imepanda kabisa. Dada mmoja aliniambia usiku wakiwa wamelala wote mita bado inatembea. Sasa hapo ndo nikasema ngoja tuongee hili jambo vizuri, maana miongozo mingi inapanga vifaa kwa lita kwa dakika tu na kusahau kitu kikubwa kuliko vyote.

Kitu chenyewe ni hiki: kifaa cha maji kina kazi mbili, kutoa na kufunga. Boksi linakuandikia kinavyotoa, lita ngapi kwa dakika, lita ngapi kwa flashi moja. Kinavyofunga hakuna anayekuandikia. Na maji mengi yanayopotea ndani ya nyumba bila mtu kujua yanapotelea hapo kwenye kufunga, kwenye ka-raba kadogo ambako hata muuzaji hajawahi kukaangalia.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme ulikuwa na choo cha lita 9 ukahamia cha lita 6, na unaflashi mara 5 kwa siku, umeokoa lita 15. Safi sana. Lakini hicho choo kipya raba yake ya chini ikianza kuvujisha glasi moja tu kwa dakika, yaani robo lita, zile lita 15 zinaisha ndani ya saa moja. Kwa siku nzima ni lita 360. Mwaka 2018 Cape Town walipobanwa na ukame watu waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, kuoga, kufua, kupika, kila kitu humo humo. Kwa hiyo choo kimoja kinachovuja kimya kimya kinakunywa mgao wa watu saba. Na husikii kitu! Maji yanateleza ukutani mwa bakuli, hayana sauti.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani fanya vipimo viwili. Cha kwanza funga koki zote, mtu asitumie maji, soma mita, kaa masaa mawili, soma tena. Ikiwa imesogea kuna mahali panavuja. Cha pili tia matone ya rangi ya chakula kwenye tanki la choo, usiflashi, subiri dakika kumi hivi, angalia bakuli. Ukiona rangi imeshuka basi raba ya chini haifungi. Hivi vipimo havihitaji fundi na vitakuambia pesa yako iende wapi, maana mwingine anataka kubadilisha nyumba nzima kumbe tatizo ni raba moja.

Haya sasa tupange.

Namba moja, na sitabadilisha msimamo, ni valvu za tanki la choo. Siyo choo kipya, valvu. Tanki lina sehemu mbili za kufeli. Juu kuna valvu ya kujaza, ile yenye boya. Isipofunga vizuri maji yanapanda mpaka yanamwagikia kwenye ule mrija wa katikati na kuingia bakulini, na humo hata kile kipimo cha rangi kinaweza kukuchanganya, kwa hiyo fungua mfuniko uangalie kwa macho, maji yanatakiwa yasimame chini ya mdomo wa mrija kama sentimita mbili na nusu. Chini kuna raba au gasketi ya kuzibia, ambayo inalala ndani ya maji usiku na mchana.

Hapa mimi napenda Fluidmaster na nasema wazi. Ni kampuni ya Marekani, ipo tangu 1957, na valvu yao ya kujaza ya 400A wameitengeneza kiasi kwamba unafunga maji, unazungusha kofia ya juu kidogo, inatoka, raba iko pale pale mbele ya macho yako. Hiyo raba inauzwa peke yake, namba yake 242. Huhitaji spana, huhitaji kutoa valvu nzima, huhitaji kumsubiri fundi siku tatu. Halafu kuna jambo linalowahusu hasa watu wa ukame: maji ya mgao yakikatika na kurudi yanakuja na mchanga na kutu za bomba, na punje moja ikikaa kwenye raba valvu haifungi tena. Kwa 400A unatoa kofia, unafunika kikombe juu maji yasikurukie, unafungulia maji kidogo yasukume uchafu, unarudisha, basi. Valvu nyingine nyingi nilizoona hazifunguki bila kuvunjika.

Sasa ugomvi wangu na wauzaji. Ukienda kuomba raba 242 unaambiwa hakuna, chukua valvu nzima. Ukiomba gasketi ya chini unaambiwa chukua seti nzima ya tanki. Kuna duka moja muuzaji alinishikilia kabisa kwamba raba haibadilishwi, kifaa kikichoka kinatupwa, wakati namba ya raba imeandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi alilokuwa ameshika! Inaniuma sana hii. Mtu yuko kwenye ukame, maji anayahesabu kwa ndoo, anahitaji kipande cha raba kinachoingia kiganjani, anauziwa plastiki nzima ambayo na yenyewe raba yake ikichoka ataambiwa atupe. Na kuna kopi nyingi zenye umbo lile lile la 400A, kofia inafanana, lakini raba haikai sawa. Angalia jina limechongwa kwenye plastiki yenyewe, siyo kwenye boksi tu.

Na tafadhali acheni kutumbukiza vile vidonge vya klorini ndani ya tanki. Vinaozesha raba, Fluidmaster wenyewe wanaonya. Kama unataka kusafisha choo safisha bakuli.

Kuhusu choo cha vitufe viwili kwa ujumla, wazo ni zuri, silipingi. Caroma wa Australia walianza nalo mwaka 1980, flashi kubwa ilikuwa lita 11 na ndogo 5.5, na siku hizi zimeshuka mpaka 4.5 na 3. Ila karibu vyoo vyote hivi vinategemea gasketi ya chini inayoinuka na kushuka. Uingereza kwa miaka mingi walilazimisha tanki la sifoni, ambalo maji lazima yapande kigongo kwanza ndo yashuke, kwa hiyo raba ikichoka flashi inakuwa dhaifu lakini maji hayavuji. Valvu za gasketi ziliruhusiwa huko 2001, na tangu hapo kuvuja kwa vyoo kumekuwa shida yao kubwa. Kwa hiyo ukinunua cha vitufe viwili nunua na gasketi ya akiba siku hiyo hiyo, maana mwaka ujao hiyo modeli huenda haipo tena dukani na hapo ndo unabadilisha choo kizima kwa ajili ya raba.

Namba mbili ni vichujio vya mdomo wa koki, vile vinavyochanganya maji na hewa. Nachagua Neoperl. Kuna aina zao zenye kidhibiti ndani, ka-pete ka-raba kanakojibana presha ikipanda na kujiachia ikishuka, kwa hiyo mtiririko unabaki ule ule. Koki ya kunawia mikono lita 5 na kitu kwa dakika inatosha kabisa. Pima mdomo wa koki kwanza: wenye thredi za nje mara nyingi ni milimita 22, wenye thredi za ndani unaingia kichujio cha 24. Boksi nyingi zinaandika eti inaingia koki zote. Haziingii! Ukilazimisha inakaa upande, maji yanatoka pembeni, umenunua kifaa cha kubana maji kinachovujisha maji. Na usikiweke kwenye koki ya kujazia ndoo na masufuria, hapo huokoi hata tone, ndoo ya lita 10 ni lita 10, utasimama muda mrefu tu.

Namba tatu shawa. Kabla ya kununua chukua ndoo ya lita 10, weka chini ya shawa uliyonayo, fungulia yote. Ikijaa chini ya dakika moja, nunua mpya, tafuta inayotoa lita 7.6 kwa dakika au chini, hicho ndo kiwango cha WaterSense, nembo ya Marekani ya vifaa vya kubana maji. Ikichukua zaidi ya dakika na nusu basi shawa yako tayari inabana, presha yako ni ndogo, usipoteze hela. Wenye hita ya papo kwa papo kuweni makini zaidi, hita hizo zinahitaji mtiririko wa chini fulani ndo ziwake, ukibana sana ama haiwaki ama maji yanakuja ya moto kupita kiasi. Soma kibandiko cha hita kwanza. Zile zenye kitufe cha kusimamisha maji ukiwa unajipaka sabuni nazipenda, ila zingine hazifungi kabisa, zinaacha mchirizi, na watu wanaziacha hivyo mpaka kesho wakidhani wamefunga. Funga kokini.

Namba nne ni koki zenyewe. Hapa watu wanakimbilia za kugeuza robo, zenye visahani vya seramiki ndani. Maji yakiwa safi zinadumu sana. Maji ya mgao yenye mchanga yanakwaruza visahani, na kikwaruzo hakirekebishiki, unabadilisha moyo mzima wa koki, na mioyo hiyo haifanani, kila kiwanda na saizi yake. Koki ya zamani ya kuzungusha yenye washa ya raba unabadilisha washa mwenyewe. Kwa eneo la mgao nachagua ya washa bila kufikiria mara mbili, mradi uwakanye wote nyumbani wasiikaze kwa nguvu, kukaza ndo kunaikata.

Matanki ya mvua nayaweka mwisho, siyo kwa ubaya, ni muda tu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 50 za mraba na mvua ya milimita 10 unapata karibu lita 500, ni maji mengi. Lakini mvua haipo sasa, na ukame ndo muda wauzaji wanapandisha bei ya tanki. Nunua mvua zikiwa karibu, chukua lisilopitisha mwanga ili mwani usiote, na angalia koki ya chini kabla ya kitu kingine chochote.

Vitu vya bei ndogo: ndoo ya kukingia maji ya shawa, ndiyo. Chupa iliyojaa maji ndani ya tanki la choo la zamani, ndiyo, isiguse boya. Tofali, hapana, linamumunyuka na chembe zake zinakwenda kukaa kwenye raba.

Dukani mwambie muuzaji akufungulie boksi, umuulize raba ya hiki inauzwa peke yake? Namba yake ngapi? Akishindwa kujibu nenda duka lingine. Na kama choo chako kimeshaonyesha rangi bakulini na raba bado hujaipata, funga kile kikoki cha ukutani nyuma ya choo, fungulia tanki lijae unapotaka kuflashi, halafu funga tena mpaka raba ipatikane.