Waifai haifiki chumbani: kifaa gani ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ukisimama mbele ya kabati la vifaa vya mtandao, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, muuzaji ataanza na boksi lenye antena nyingi kuliko yote. "Bosi, hii inapenya ukuta." Haipenyi. Nguvu ya kurusha mawimbi ina kikomo cha kisheria, na hata ruta ingeruhusiwa kurusha mara mbili ya hapo, simu yako iliyoko chumbani nayo lazima ijibu, na simu ina antena ndogo na betri ya kutunza. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili, na upande dhaifu ndio unaoamua yatafika wapi.

Kwa hiyo pima kabla ya kutoa pesa. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, pima spidi, kisha rudia chumbani. Ikiwa hata karibu ni mbovu, tatizo ni kifurushi, mtoa huduma au ruta yenyewe. Ikiwa karibu ni safi na chumbani video inazunguka tu, tatizo ni kuta na umbali. Mpangilio wangu hapa chini ni wa kundi hili la pili, kwa nyumba ambayo tayari ina faiba.

Tujue pia nani anafanya kazi gani. Kisanduku anachokiacha fundi wa faiba ukutani, ONT, hugeuza mwanga wa faiba kuwa ishara za umeme. Enzi za waya wa simu kazi kama hiyo ilikuwa ya modemu. Ruta hugawa intaneti moja kwa vifaa vingi, na kila kimoja hukipa anwani yake ya ndani. Swichi huongeza matundu ya waya, basi. Aksesi pointi hupokea waya na kutoa waifai. Watu huchanganyikiwa kwa sababu kisanduku cha mtoa huduma siku hizi mara nyingi hubeba kazi zote nne kwa pamoja. Ukikiunganisha na "ruta" nyingine bila kuipanga, unapata ruta mbili zinazogawa anwani nyumba moja, halafu unashangaa printa ya sebuleni haionekani kwenye kompyuta ya chumbani.

1. Waya na aksesi pointi

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu. Vuta waya mmoja kutoka kwenye kisanduku cha sebuleni hadi korido ya vyumba, funga aksesi pointi juu ya ukuta au kwenye dari, na ukuta hauna tena neno. Nyumba za Mji Mkongwe Unguja au Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, karibu hazina dawa nyingine. Ghorofa lenye sakafu ya zege na nondo ni hivyo hivyo.

Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, kwa hiyo nyumba ya kawaida haihitaji waya wa bei kubwa zaidi. Inachohitaji ni waya wa shaba kweli. Madukani zimejaa roli za alumini iliyopakwa shaba. Ni nyepesi mkononi, na ukikwaruza ncha kwa kisu unaona weupe ndani. Spidi yake huyumba kwenye umbali mrefu. Tena aksesi pointi nyingi za darini hupata umeme kupitia waya huohuo, na alumini hupata joto zaidi. Mwambie fundi akwaruze mbele yako kabla hajakata.

Ruta ya zamani iliyolala kabatini inaweza kufanya kazi hii. Ikiwa ina chaguo la kuwa aksesi pointi, liwashe. Ikiwa haina, badilisha anwani yake isigongane na ile kuu, zima ugawaji wa anwani, halafu chomeka waya kwenye tundu la LAN badala ya WAN. Tumia jina na nywila zilezile za sebuleni. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, weka chaneli tofauti na ya sebuleni: 1, 6 au 11.

2. Meshi

Hii ni ya mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa kuta. Unapata visanduku viwili au vitatu vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe chini ya jina moja. Kosa la kawaida ni kukiweka cha pili palepale pasipo na mtandao. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo bado kinasikia vizuri. Na soma matundu kabla ya rangi: Deco M4 ya TP-Link ina matundu ya gigabiti, Deco E4 yanaishia megabiti 100.

3. Ruta mpya yenye nguvu

Nunua ikiwa ya sasa inatoa gigahezi 2.4 peke yake, hasa kwenye fleti ambako majirani wote wanagombania masafa hayohayo. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, ingawa kuta huichosha haraka. Namba kubwa kwenye boksi zinadanganya: Archer C6 na Archer C50 za TP-Link zote huuzwa kama AC1200, yaani jumla ya spidi za waifai kwenye makaratasi, lakini matundu ya C50 ni ya megabiti 100, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 200 kitabanwa hapo. Kwa kizazi cha waifai, Wi-Fi 6 inatosha. Wi-Fi 7 haikusaidii kitu kama simu zako haziijui.

4. Adapta za waya wa umeme

Hupitisha intaneti kwenye nyaya za nyumba. Nyaya zikiwa chakavu, au soketi mbili zikiwa kwenye fezi tofauti, utapata kidogo sana. Nunua pale tu duka linapokubali kurudishiwa.

5. Ripita

Ni rahisi kuliko zote, ndiyo maana inauzika sana. Ile ya masafa mamoja husikiliza na kurudia kwa redio ileile, hivyo spidi hupungua karibu nusu kabla hata hujahesabu ukuta. Kwa meseji za WhatsApp sawa. Kwa mwanafunzi wa darasa la mtandaoni, hapana.

Asiye na faiba yuko nje ya orodha hii. Atahitaji ruta ya laini ya 4G au 5G, na aulize kwanza kama imefungwa kwa mtandao mmoja. MiFi, ile ruta ndogo ya mfukoni yenye betri, ni ya safarini.

Chochote utakachochagua, ongeza UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Kwenye faiba za aina ya GPON, ambapo faiba moja hugawanywa kwa nyumba nyingi, vigawanyishi vilivyo kati ya kituo cha mtoa huduma na nyumba yako havitumii umeme, kwa hiyo umeme wa mtaa ukikatika intaneti inaweza kuendelea ilimradi visanduku vyako vina moto. Soma lebo nyuma ya kila kimoja: ONT nyingi hutumia volti 12, ruta nyingi ndogo volti 9, na plagi zake hufanana vya kutosha kuiunguza ruta kwa kuchomeka sipo.