Rangi Nzuri, Bushi Zilizookwa

Nianze na haki yao kabla hasira haijanipanda: rangi ya unga, ile inayopulizwa kwenye chuma kisha kuokwa kwenye tanuri, waliyonipakia kwenye karakana yao ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Imekaa sawasawa hadi kwenye pembe ambazo brashi haifiki, na kuikwaruza kwa ukucha hakuachi hata alama.

Nilipeleka mikono miwili ya chini ya suspensheni ya mbele ya gari langu, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu na gari, kila mmoja ukiwa na bushi zake za mpira na boljointi yake (kiungo cha tufe kinachoruhusu gurudumu kugeuka), nikauliza waziwazi kama tanuri halitaviharibu. Kijana wa mapokezi, bila kuinua macho kwenye simu yake, alinijibu, "Lete hivyo hivyo, mzee, sisi huwa tunaziba kwa tepu." Tepu hiyo ndiyo iliyonituliza, nami najilaumu, kwa sababu tepu huzuia rangi, haizuii joto.

Siku chache baadaye nilikabidhiwa mikono inayong'aa. Mpira wa bushi ulikuwa umekakamaa na kuachana na bomba la chuma la katikati, nikaweza kulizungusha kwa kidole. Boljointi ilikuwa na hali mbaya zaidi: kifuniko chake cha mpira kimepasuka, grisi imetiririka na kuacha vishimo kwenye rangi kila ilipopita, na kichwa ambacho hutakiwa kusogea kwa kukaza kilikuwa kinachezacheza kama jino la mtoto. Humo ndani nikakuta hata chembe za mchanga waliosafishia chuma.

Nilipolalamika, kijana yule yule alisema, "Mpira si unakaa kwenye injini, nako kuna moto?" Sijapata kuulizwa swali la dharau kama hilo na mtu anayelipwa kulijua jibu lake. Maji ya injini isiyo na hitilafu huzunguka kwenye nyuzi 90 au zaidi kidogo, ilhali unga wa kawaida hukomaa kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, kwa dakika 10 au zaidi, tena dakika hizo huhesabiwa baada ya chuma chenyewe kufikia joto hilo. Mpira asilia hauvumilii hali hiyo, na plastiki inayotumika sana kwenye kikombe cha boljointi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 175. Nashukuru kwamba sikuwapelekea shokomzoba, kwa maana mafuta na gesi vilivyofungiwa ndani yake vikipashwa moto kiasi hicho vinaweza kumpasukia mtu usoni.

Nilikusudia kuandika kwamba nitarudi kwao nikiwa na springi au chuma kitupu kilichokwisha kuvuliwa kila kitu, maana mpakaji wao ni fundi kweli. Sasa ninavyoendelea kuandika, naona sitarudi. Aliyestahili kukataa kazi ile na kunishauri nitumie rangi ya kuchanganya inayokauka bila tanuri ndiye aliyenicheka.

Bushi zinauzwa, na ningeweza kuzishindilia mpya. Boljointi ya gari hili, hata hivyo, imeunganishwa na mkono wake na haiuzwi peke yake, kwa hiyo gari liko juu ya mawe likisubiri mikono mipya mizima, ambayo hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kupakwa rangi.