Uzoefu wangu na wakufunzi wa mafunzo ya uongozi wa mazingira

Matangazo ya mafunzo ya uongozi wa mazingira karibu yote yananadi kitu kimoja: wakufunzi wabobezi. Picha zimepangwa, na chini ya kila picha kuna shahada na orodha ndefu ya makongamano. Nimemaliza programu moja ya aina hiyo. Jina naliacha, maana si yote nitakayosema ni ya kusifu. Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano, ila hizo nyota hazikutoka kwa wale ambao tangazo lilitangulizia picha zao.

Nianze na mkufunzi wa ubora wa maji, kwa sababu ndiye aliyenikuna kuliko wote. Wasifu wake ulikuwa mistari michache tu. Hakuja na slaidi hata moja. Alitupandisha kwenye mashua akiwa na sahani ya Secchi, kifaa cha kupima maji yanaonekana hadi kina gani, ile ya sentimita 20 iliyogawanywa robo nyeusi na robo nyeupe, imefungwa kwenye kamba yenye alama. Unaishusha majini upande wenye kivuli hadi isionekane, unasoma kamba. Unaivuta taratibu hadi ionekane tena, unasoma tena, kisha unachukua wastani. Kifaa hiki kilianza kutumika mwaka 1865 na padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, na hadi leo bado kinafanya kazi bila betri.

Sasa, hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Alitaka kila mshiriki apime peke yake na aandike jibu bila kuwaonyesha wenzake. Tulipoyasoma kwa sauti, majibu yakapishana. Akauliza, "Haya, nani kakosea?" Tukaanza kunyoosheana vidole. Kumbe mmoja alikuwa na miwani ya jua, mwingine alipima wingu lilipopita, mwingine macho yake hayaoni mbali. Hakutuhubiria. Alitoa tu fomu ya sampuli na kutuonyesha kwa nini inataka saa, hali ya hewa na jina la aliyepima, halafu akaigiza wakili wa kiwanda akituhoji juu ya namba zetu wenyewe. Alitumaliza. Siku hiyo nilielewa kwamba anayesimamia mazingira bila kumbukumbu za vipimo hana cha kusimamia.

Mambo mengine aliyapitia harakaharaka lakini yamenikaa. Oksijeni iliyoyeyuka hupimwa palepale, kwa sababu ukiibeba sampuli juani unafika na maji mengine kabisa. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo zaidi. Kipimo cha kawaida cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu ulio majini, huchukua siku 5, gizani, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Anayekuletea majibu hayo kesho yake asubuhi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mkufunzi wa tathmini ya athari kwa mazingira ni mwanasheria, na nilijiandaa kusinzia. Badala yake alitugawia ripoti nene na kutukataza kuanza na ukurasa wa kwanza. "Nendeni kwenye njia mbadala," alisema. Ndiyo sura ambayo mwandishi mvivu huijaza aya mbili, pamoja na swali ambalo mwenye mradi halipendi: itakuwaje mradi usipojengwa kabisa? Historia aliigusa kwa kifupi, kuanzia sheria ya Marekani iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970 hadi kanuni ya 17 ya Azimio la Rio la 1992, kisha akaturudisha kwenye ripoti. Nilivyosoma ripoti za aina hiyo kabla na ninavyozisoma sasa ni mbingu na ardhi.

Mama mmoja aliyewahi kuwa ofisa uvuvi alitufundisha usimamizi wa rasilimali za pamoja kwa vifuniko vya chupa. Vifuniko ni samaki, meza ni ziwa, na wanaobaki huongezeka maradufu kila mzunguko. Tulilimaliza ziwa kabla ya mapumziko, watu wazima tena wapenda mazingira! Mzunguko uliofuata akaturuhusu kuzungumza, kisha kutunga sheria zetu wenyewe. Tukatunga faini kubwa ya kutisha. Akacheka, akatusimulia kwamba kazini kwake faini za namna hiyo hazikuwahi kutozwa, kwa kuwa hakuna mjumbe wa kamati aliyethubutu kumfilisi jirani yake. Ndipo akamleta Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, aliyeonyesha kuwa jamii zinazofaulu kutunza malisho, misitu au maji huanza na adhabu ndogo na kuipandisha kwa anayerudia, na walinzi wao huwa ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Tulikwisha kulionja tatizo kabla ya kupewa jibu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kukariri.

Halafu kuna profesa mwenye picha kubwa kwenye tangazo, wa mabadiliko ya tabianchi. Alisoma slaidi. Neno kwa neno, grafu juu ya grafu, huku sisi tukisoma mbele yake na kumsubiri. Nikiri haki yake, kwani mtu mmoja alipouliza kwa nini Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, ilifaulu ilhali hewa ukaa inatushinda, aliweka rimoti mezani na kubadilika kabisa. Akaeleza kwamba watengenezaji wa gesi za CFC, zile zinazoharibu tabaka hilo, walikuwa wachache, mbadala ulikuwa unapatikana, na nchi zinazoendelea zilipewa miaka 10 ya ziada kisha mfuko wa kuzisaidia ulioanzishwa 1990. Hewa ukaa je? Inatoka kwenye umeme, usafiri, saruji, mashamba, karibu kila tunachogusa. Lilikuwa somo la hali ya juu. Kisha akachukua rimoti, akarudi kwenye slaidi alipoishia.

Kazi ya mwisho ilikuwa mpango wa mradi. Mkufunzi mmoja aliurudisha wangu na neno "vizuri" tu. Yule mama wa uvuvi aliandika pembeni: "Mpango huu ukifanikiwa, nani atakasirika, na umeshaongea naye?" Sikuwa nimeongea naye. Ilinibidi niandike upya nusu ya mpango.

Malalamiko yangu makubwa ni kwa waandaaji. Baadhi ya waliotangazwa walitokea kwenye hotuba ya ufunguzi tu, na vipindi vyao vikashikwa na wasaidizi. Wasaidizi wenyewe hawakuwa wabaya, lakini sicho nilichojiandikishia. Kabla hujalipa, omba ratiba inayoonyesha kila mkufunzi anafundisha saa ngapi, ngapi kati ya hizo ni nje ya darasa, na nani atasoma kazi yako. Nilipouliza hayo baada ya kumaliza nilijibiwa siku hiyohiyo, kwa hiyo ratiba wanayo.