Poirot kapikwa na mpishi mwingine: nimeonja, sikutema

Mjomba ndiye aliyeniambukiza hadithi za upelelezi. Yeye ni mtu wa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake. Mimi nikaangukia kwa Poirot, mpelelezi wa Agatha Christie. Basi nilipokuta The Monogram Murders, hadithi ya Poirot iliyoandikwa na Sophie Hannah, kwenye meza ya vitabu vya mtumba hapa Ngamiani, jalada limejikunja kwa unyevu wa pwani, nilisita. Christie alifariki 1976. Poirot mwenyewe alishafia kitabuni 1975, hadi gazeti la New York Times likamwandikia tanzia ukurasa wa kwanza. Mjomba alipokiona mkononi mwangu akacheka: "Mpwa wangu, maiti kashaoshwa, mwamfufua wa nini?"

Kumbe hawakumfufua. Hannah alikitoa kitabu 2014 kwa ridhaa ya familia ya Christie, akarudi nyuma hadi London ya 1929, Poirot bado mzima na masharubu yake yamekaa sawa.

Mwanzo wake mtamu! Poirot yuko mkahawani, mara anaingia mwanamke roho juu, macho hayabanduki mlangoni. Anasema atauawa, na akishauawa haki itakuwa imetendeka, muuaji asitafutwe. Usiku uleule, kwenye hoteli ya kifahari, watu watatu wanakutwa wamekufa, kila mmoja chumbani kwake, wamelazwa wamenyooka, na vinywani mwao mna vifungo vya mikono ya shati vilivyochorwa herufi. Hapo umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu, chai ikapoa na mandazi yakabaki kwenye sahani.

Kilichonikera ni Catchpool, polisi wa Scotland Yard anayetusimulia. Polisi gani anaogopa maiti? Hastings wa zamani, rafiki wa Poirot aliyekuwa akitusimulia kwa Christie, alikuwa haoni kilicho mbele ya pua yake, lakini alichekesha. Huyu kazi yake kunung'unika. Na mwisho umerefushwa mno: Poirot anawakusanya watu anaeleza, anaeleza, mpaka nikachukua kalamu niandike nani alikuwa chumba gani. Christie akikufumbulia fumbo unajipiga kofi la paji la uso, unajiona mjinga. Huku unajiona umechoka.

Lakini sehemu ya kijijini, Great Holling, imenishika kweli. Mzizi wa yote ni uvumi juu ya kasisi na mkewe, wa miaka 16 nyuma: neno moja limetoka mdomoni mwa mtu, kijiji kizima kikalibeba. Aliyekulia uswahilini hahitaji kutafsiriwa hilo. Kwa ajili ya kurasa hizo tu nitakitafuta kilichofuata, Closed Casket cha 2016.

Mjomba alikichukua Ijumaa, eti akitazame tu. Hajakirudisha. Jana usiku kanipigia simu, sauti ya chini kama mwizi: "Hebu niambie, yule mwanamke wa mkahawani ni nani hasa?"

Nikamwambia asome.