Siku Tatu za Mafungo Lushoto: Nilikwenda na Haja Kumi na Moja

Mwezi Agosti nililipa shilingi 120,000 kwa mafungo ya siku tatu katika nyumba ndogo ya maombi iliyoko kwenye milima ya Usambara, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Fedha hiyo ni ya chumba, milo mitatu kwa siku, daftari na mafundisho. Nauli ni juu ya mshiriki mwenyewe, ambaye akitokea Dar es Salaam hana budi kuiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda kona baada ya kona.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hapakuwa na bahasha. Katika mikesha niliyoizoea mjini, haipiti saa sita ya usiku kabla bahasha za kupanda mbegu, yaani za kutoa sadaka ya fedha, hazijagawiwa, na ukubwa wa mbegu hutajwa kulingana na ukubwa wa muujiza unaotarajiwa. Hapa hakuna aliyetuomba kitu baada ya ada ile, na kwa hilo pekee ningewapa alama za juu.

Mafundisho yanaongozwa na mchungaji mstaafu mwenye sauti ya chini sana, hivyo ni vyema kuwahi kiti cha mbele. Jioni ya kwanza alitutaka tuandike haja zetu zote upande wa kushoto wa ukurasa, bila kuona haya, kisha upande wa kulia tuandike Sala ya Bwana mstari kwa mstari, halafu tuchore mstari kutoka kila haja hadi mahali inapoingia katika sala ile. Nilikuwa na haja kumi na moja. Tisa ziliangukia kwenye “Utupe leo riziki yetu”, zikiwamo hati ya kiwanja changu cha Chanika, kupandishwa daraja kazini na gari, na Mchungaji alipopita nyuma yangu aliuliza kwa upole kama gari nalo lilikuwa riziki ya leo. Mbili zilizosalia hazikupata pa kuingia. Mojawapo ilikuwa kwamba mwenzangu fulani wa ofisini ahamishwe kituo. Kwenye “Mapenzi yako yatimizwe” haukufika mstari hata mmoja. Nimesali sala hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuyaona maombi yangu yakiwa yamelalia upande mmoja namna ile.

Asubuhi ya pili ilitumika yote kwenye sala ya Yesu katika bustani ya Gethsemane, usiku wa kuamkia kusulubiwa kwake, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi kinachostahili safari nzima. Tulisoma Mathayo 26:39, “Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke, walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe,” naye akatuonyesha kwamba sentensi hiyo ina nusu mbili na kwamba wengi wetu huomba nusu moja tu. Wapo wanaoishia kwenye kuepushwa kikombe, na wapo wanaokimbilia utii kwa maneno mazuri huku wakificha kwamba wanaogopa. Yesu alitaja wazi alichokitaka, ndipo akakiachia. Vivyo hivyo mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba, jina alilolipa teso lililomsumbua mwilini, na jibu alilopewa, “Neema yangu yakutosha,” halikuwa lile aliloliomba.

Hapo mama mmoja mjane kutoka Handeni akauliza yeye aombe mapenzi gani ya Mungu, ilhali kodi ya nyumba imemlalia miezi mitatu. Nilijikunyata, kwa kuwa fundisho la kuridhika na mapenzi ya Mungu hutoka kirahisi sana kinywani mwa mtu mwenye mshahara. Mchungaji akamjibu, “Mama, wewe omba kodi. Niliyekuwa namuuliza ni mwenye gari.” Tulicheka, mimi nikiwa wa mwisho, na baada ya chakula aliketi na mama yule barazani hadi chai ya saa kumi.

Kasoro zipo. Maji ya moto hupatikana asubuhi tu, blanketi ni moja kwa kila kitanda, na kipindi cha jioni ya pili, kilichohusu Yakobo 4:3 na kuomba vibaya, kilivutwa saa mbili na nusu wakati saa moja ingetosha. Chakula ni cha kawaida, ugali na maharage, ila kabichi na karoti za Lushoto zina utamu usioupata sokoni kwetu. Kilichoniudhi hasa ni meza iliyokuwa mapokezi siku ya kuondoka, ikiwa na chupa za mafuta ya upako na stika za “Mwaka Wangu wa Kupokea” kwa shilingi 2,000. Nilipouliza niliambiwa ni mradi wa vijana. Siwezi kufundishwa siku tatu kuomba kama Gethsemane kisha nikauziwa stika mlangoni. Uongozi uiondoe meza hiyo, au umweke Mchungaji mwenyewe aisimamie, nami nadhani haitadumu wiki.

Kiwanja bado hakijapata hati na ninaendelea kukiombea. Ile haja ya mwenzangu wa ofisini nimeikata kwa kalamu. Nikijaliwa nitarudi mwakani pamoja na mke wangu, ambaye ameshaniambia kwamba haja zake hatanionyesha. Kwa atakayekwenda kati ya Juni na Agosti, abebe sweta mbili na blanketi lake.