Golf GTI ya kawaida ama ya Performance? Nimeendesha zote mbili hapa Nairobi

Wacha nianze na kitu iliniudhi nikitafuta hii Volkswagen ya mbio kwa toleo lake la juu, Performance. Broka wa kwanza alinipigia simu akaniambia "boss, hii ni Performance, wewe kuja tu uone kalipa ni nyekundu," mimi huyo mpaka Kiambu Road na jua la saa saba, kufika napata ni GTI ya kawaida. Kalipa nyekundu, zile chuma zinabana diski ya breki, jamani kila GTI iko nazo! Za Performance zimeandikwa GTI juu yake, na hata hayo maandishi ni stika tu mtu anaeza bandika, kwa hivyo usiishie hapo. Angalia nyuma. Mulika tochi katikati ya rimu uone diski ya nyuma, kama ni bamba moja hiyo ni ya kawaida, kama ni mabamba mawili yameachana na hewa inapita katikati, hapo sawa. Dakika moja na hulipi mtu wa skana.

Naongelea Golf ya saba na nusu, yaani ile ya saba iliyoboreshwa, hii ya kuanzia 2017. Zile za mwanzo sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka nane imeshazifungia mlango Mombasa, hizo sasa ni kutafuta kwa mtu ama kwa yadi za hapa hapa. Ile saba yenyewe, ya 2013, pia ilikuwa na Performance Pack, PS (farasi) 220 inakuwa 230, wateja wa Uingereza walikuwa wanaongeza pauni 980 hivi wanapata difu maalum (difu ndio inagawa nguvu kwa tairi mbili) na breki kubwa. Kwa saba na nusu ya kawaida ndio ikawa 230 na Performance ikapanda 245, na nguvu ya kuvuta Nm 350 dhidi ya 370. Kiwanda kinasema kutoka sifuri mpaka mia ni sekunde 6.4 kwa kawaida na 6.2 kwa Performance. Mbili za kumi! Ukipiga chafya umezipoteza.

Kama ni hizo farasi 15 zinakutoa mate, weka pesa yako kwa mfuko. Hii injini ya EA888 ukiipeleka rimapu ya kawaida tu, yaani kubadilishiwa programu ya kompyuta yake, itazipita hizo farasi bila kutoa jasho. Na pia hapa tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, gari isiyo na turbo inapumua kwa shida, lakini hizi zote mbili turbo inawafidia, nimepanda nazo mpaka Limuru na kusema ukweli kwa barabara iliyonyooka ungenifunga macho nisingekwambia gani ni gani.

Unalipia difu na breki. Hapo ndio kuna maneno.

Ya kawaida nguvu yote inaenda mbele na difu yake ni ya kawaida, tairi ya ndani ikianza kuteleza kwa kona kuna programu inaitwa XDS inaifinya breki kidogo ndio nguvu ihamie ya nje. Inafanya kazi, si uongo, lakini unatumia breki kusaidia gari kukata kona, huku mguu wako uko kwa mafuta, yaani unakanyaga na inakushika. Performance iko na klachi ya sahani nyingi pale mbele, wanaiita VAQ, pampu inasukuma oili inabana hizo sahani na nguvu inaenda tairi ya nje moja kwa moja, uwezo wake wa kubana ni mpaka Nm 1,600. Kwa karatasi haina maana kubwa. Sasa enda Red Hill Road Jumapili asubuhi mapema, mvua imenyesha usiku, barabara haina mtu. Ile ya kawaida nilikata kona moja ya kushoto nikaongeza mafuta katikati, pua ikaanza kuniambia inataka kwenda mtaroni, nikapunguza, taa ya kuteleza inawaka wakawaka. Wiki iliyofuata kona hiyo hiyo, Performance, unyevu ule ule, nikaongeza mafuta na gari ikajikunja ndani kama imevutwa na kamba. Nilirudi nikapita tena mara tatu nikidhani ni bahati.

Breki sasa. Za mbele ni milimita 340, za kawaida ni 312. Ukikaa mjini hutajua tofauti, kwa Expressway unatembea 80 na kwa Thika Road saa kumi na mbili jioni unatembea na mguu. Lakini mimi kwetu ni Naivasha, naenda kila mwisho wa mwezi na mara nyingi napitia chini, Mai Mahiu. Unashuka lile teremko nyuma ya lori, unagusa breki, unaachilia, unagusa, mpaka ufike kale kakanisa ka Waitaliano. Ile ya kawaida kufika hapo pedali ilikuwa imeanza kulainika na harufu imeingia ndani. Sitaki kuionea, pedi zake hazikuwa mpya. Performance ilifika pedali iko pale pale nilipoianzia.

Giaboksi nayo, kwa maana najua mtu atauliza. Ya kawaida ya otomatiki ni DSG, giaboksi ya klachi mbili ya Volkswagen, ya gia sita, Performance ni ya gia saba, na Mkenya akisikia DSG ya gia saba anakimbia kwa sababu ya ile klachi kavu ya DQ200 iko kwa Golf ndogo za 1.4. Hii si hiyo. Hii ni DQ381, klachi zake zinakaa kwa oili kama tu za ile ya gia sita. Badilisha oili kwa wakati uendelee na maisha.

Ubaya upo. Hiyo difu iko na oili yake peke yake na inatakiwa kubadilishwa kila miaka mitatu hata kama gari imekaa tu kwa parkingi, na hapa hakuna anayeijua. Fundi wangu wa Industrial Area, mzee ameshika Volkswagen tangu sijazaliwa, nilimwambia nataka oili ya difu akaingia chini akaniuliza, "Kijana, hii yako ni ya kuvuta nne?" Nikamwambia hapana mzee, iko mbele, upande wa giaboksi. Akatoka, akajifuta mikono, akasema kesho nirudi, kumbe usiku alienda kuisoma, na kesho yake akaifanya vizuri kabisa. Oili ilitoka nyeusi kama turungi. Gari ilikuwa na kitabu cha sevisi kimejaa mihuri na hakuna hata mmoja wa hiyo kitu. Kwa hivyo ukipata Performance uliza hilo swali kwanza, na kama muuzaji anakutolea macho, shusha bei.

Ndiyo, nilinunua Performance. Yadi ilikuwa inataka laki tatu na nusu juu ya ile ya kawaida ya mwaka huo huo, nikawavuta mpaka laki mbili kwa kuwaonyesha hiyo oili haijawahi guswa. Kwa laki mbili naona nimetoboa, kwa sababu kuweka hiyo difu na breki baadaye ni kugeuza gari nzima, lakini laki tatu na nusu ningewaachia. Na kama wewe safari zako ni Ruaka kwenda Westlands na kurudi, chukua ya kawaida yenye sevisi safi, hiyo tofauti ilipe thamosta na pampu ya maji, hizi injini zinajulikana kwa kuvuja hapo na hapo difu haikusaidii.

Shida yangu sai ni rimu. Yangu ilikuja na za 19, tairi nyembamba kama chapati, na mbili zimeshapinda kwa mashimo. Hizo diski kubwa zinakataa rimu za 16, za 17 ndio mwisho. Kama uko na 17 za Golf, zote nne, hazijachomelewa, niambie unataka ngapi.